Mwaka wa Sala za Kuazima

Walisema sitafika mavuno ya pili. Mzee Ndahani, mwenye kisima kirefu kuliko vyote katika mto wa mchanga pale Makutupora, alilisema hilo mbele yangu siku ya tatu tangu nifike, huku akijikuna goti: "Huyu amerudi na karatasi, hakurudi na miguu." Wengine walisema mtu aliyekula wali miaka minne pwani hawezi kumeza mlenda wa kukausha siku mbili mfululizo. Wapo waliosema nitakimbia vumbi, na wapo waliosema nitakimbia jinsi wanawake wa pale wanavyonicheka. Niliwasikia wote, na naomba niseme mapema kwamba wote walikosea. Nilifika mavuno ya pili, na ya ishirini, na baada ya hapo niliacha kuhesabu. Hati yangu ya shule, yenye muhuri wa tai wa Serikali ya Mdachi, ilikuwa ya kwanza kutundikwa katika nyumba yoyote kati ya Miyuji na Makutupora, na ilikaa peke yake muda mrefu kabla hajatokea mwingine wa kutundika ya pili. Sioni aibu kuyasema haya. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikasoma kwa akili yangu, nikarudi bila kubebwa na mtu. Ila mwaka ule wa kwanza nilibebwa, na ndio ninaotaka kuueleza.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Matika. Mchungaji kijana aliyeongoza ibada alinisimamisha niombe, na kwa heshima ya umri wangu akaniwekea kitabu chake cha sala mkononi, tayari kimefunguliwa. Nikakifunga, nikamrudishia, nikaomba maneno machache, nikaketi. Baadaye, tulipokuwa tunakula, mjukuu wa marehemu akaniuliza kwa nini mtu wa vitabu vingi kama mimi haombi kwa kitabu. Nikamjibu kwamba sikihitaji. Lilikuwa jibu zuri na watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, lakini njia nzima ya kurudi kupitia Msalato nilihisi nimemnyima marehemu kitu chake.

Mwaka ule reli ilikuwa bado haijafika Dodoma. Nilishuka pale vyuma vilipoishia, nikatembea siku nyingi na sanduku kichwani, na Mama Matika akanipa chumba cha upande wa mashariki wa tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe kumi na ulimi mkali. Chumba kile nakiona hata sasa: kitanda cha kamba, meza niliyoiunda kwa sanduku la sabuni, hati yangu ukutani juu ya misumari miwili, na boriti iliyonigonga paji la uso kila asubuhi kwa wiki tatu mpaka shingo ikajifunza kuinama yenyewe. Upande wa pili wa ukuta walilala ndama, nami nilikuwa nawasikia wakipumua. Juu ya paa ulianikwa mtama, na kuku walipokuwa wakiuparua, udongo ulidondoka juu ya daftari zangu. Kila kitu kilinuka moshi: shati, kitabu, maziwa ya mgando ndani ya kibuyu. Wiki ya kwanza nilikula ugali wa uwele na mlenda nikiwa nimebana pumzi. Wiki ya pili niliomba kuongezewa. Ukuta wa ndani haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila lililosemwa uani lilinifikia, na kila nililolisema mimi, hata nikijisemea, liliwafikia wao. Jambo hilo la pili nilichelewa kulielewa.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha kusoma na kuongoza sala za asubuhi, kwa niaba ya misheni iliyoniajiri. Kabla ya herufi nilisimama mlangoni mwa tembe tuliloligeuza shule, nikafungua kitabu cha sala nilichokuja nacho kutoka pwani, nikasoma sala ya siku hiyo kwa sauti niliyofundishwa, inayopanda mwanzo na kutua mwisho. Walikuja hata wasio wanafunzi. Wakati ule niliamini wanakuja kwa ajili ya Mungu. Baadaye nilidhani wanakuja kwa ajili ya sauti yangu, ambayo ilikuwa nzuri. Leo sijui. Ninachojua ni kwamba kwangu mimi sala ilikuwa kitu kilichopigwa chapa. Kama isingekuwa kitabuni, nisingeitambua hata ingenisimamia mbele.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza. Kwetu upepo huo hauji na kuondoka, unahamia. Kwanza macho yaliwasha, halafu yakatoa usaha, halafu kope zikajikunja kuelekea ndani, zikawa zinakwaruza mboni kila nilipopepesa. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa ajabu, kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeupata. Wangu niliuficha. Bwana Mchungaji, yule Mzungu wa misheni, alikuwa ameahidi kuja kukagua kabla ya mvua, na akinikuta sisomi, kazi ingekwenda kwa mwingine. Mimi ningerudi kuchunga mbuzi nikiwa na hati yenye tai, na Mzee Ndahani angekuwa amesema kweli. Kwa hiyo herufi niliziandika ubaoni kwa mkono uliokwisha kuzizoea, na hesabu nikazifanya kichwani. Kilichonishinda ni sala. Katika miaka minne ya shule sikuwa nimeishika hata moja moyoni, maana kwa nini nishike kilichomo kitabuni? Moja tu ilikuwa imenishika yenyewe, kwa kuwa shule yetu ilikuwa karibu na bandari na tuliisoma kila wiki: sala ya kuwaombea mabaharia.

Basi nikawaombea mabaharia. Nilishika kitabu, nikafungua ukurasa wowote, nikapandisha sauti. Jumatatu mabaharia, Jumanne mabaharia. Watu ambao hawajapata kuona maji mapana kuliko kisima waliitikia amina kwa mawimbi na milingoti na nanga, wakati ng'ombe wao wanakonda kwa kiu. Siku ya nane Mzee Ndahani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hawa watu wa majini hawajafika tu?"

"Bado, mzee."

"Wanakwenda wapi?"

"Mbali."

"Sawa. Nilidhani labda ndio wanatuletea mvua yetu, nikasema basi wapewe muda."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akatoka nje. Nikawaambia kwamba sala haihojiwi, tukaendelea na herufi. Alasiri hiyo nilikuwa nimejilaza, kitambaa kibichi usoni, nikamsikia Mama Matika akisaga uani. Jiwe lilikuwa linakwenda na kurudi, na sauti ya Ndahani ilikuwa karibu naye.

"Haoni," Mama Matika alisema.

"Najua haoni. Jana alimwamkia mbuzi wangu. Mbukwa, akasema, na akangoja aitikiwe."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani asiyejua?"

Jiwe likaendelea. Sijui kama niliona haya, au hasira, au nilipumua kwa nafuu. Nadhani yote yalikuja pamoja na hakuna lililokubali kumpisha mwenzake. Mtu anayeficha siri ambayo kijiji kizima kinamfichia ni mtu wa namna gani? Nimelifikiri swali hilo miaka mingi. Kabla sijalifikiri hata mara ya kwanza, mlango ukafunguliwa, na Mama Matika akaniita nje penye mwanga, kibano cha chuma mkononi.

"Lete kichwa hapa, mwanangu."

"Kichwa changu kimefanya nini, mama?"

"Kichwa hakijafanya kitu. Zilizokosa ni kope."

Nikalala kichwa mapajani pake kama mtoto, mimi mwenye hati, mbele ya kuku na ya Ndahani. Akageuza ukope wangu kwa kidole gumba, akasema kwa Kigogo, bila kupandisha sauti wala kuitua: "Mulungu, mkono wangu unatetemeka. Wako hautetemeki. Shika huu." Kisha akang'oa unywele wa kwanza wa ukope. Nilingojea sala iendelee. Haikuendelea. Akang'oa wa pili, na wa tatu, na machozi yakanitoka, nayo hayakuwa ya huzuni.

"Sala hiyo umeisoma wapi?" nikauliza.

"Nisomewe na nani? Ni ya kutolea kope."

Kisha nikasema, polepole, kwa sababu sikuwa na kitu cha kusema kesho yake ila mabaharia: "Naweza kuitumia asubuhi?"

Kibano kikasimama hewani. Kwetu ukiwa na ng'ombe wengi humpa rafiki mmoja wao akutunzie. Maziwa hunywa yeye, samadi huiweka shambani kwake, lakini ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mama Matika aliifikiria kwanza, kama mtu anayeangalia zizi la anayeomba.

"Nakukopesha," alisema. "Maziwa kunywa. Lakini siku ya kurudisha, rudisha na ndama."

"Ndama wa sala ndiye yupi?"

"Utajua wewe, mwenye karatasi."

Asubuhi nikasimama mlangoni, kitabu kimefunguliwa, nikaisema. Sikubadilisha neno, ila badala ya kibano nilikuwa na chaki, na mkono ulikuwa unatetemeka kweli. Hakuna aliyecheka. Mzee Ndahani alinifuata baadaye akanikopesha ya kwake, ile anayoisema kabla ya kushuka kisimani, kwa maana visima vya mchanga huporomoka na kila mwaka humfukia mtu: "Mulungu, mchanga huu ni wako na mimi ni wako. Usiviache viangukiane." Masharti yalikuwa yale yale, ndama. Baada ya hapo wakajitokeza wengine. Mwanamke mmoja alinikopesha ya kupulizia moto uliogoma, na mzee mwingine alinikopesha ya mguu mbaya, akaidai irudi siku ya pili kwa sababu mguu ulimrudi. Na Salimu, mfanyabiashara kutoka milima ya Kondoa aliyepita kila mwezi na punda wawili wa tumbaku na asali, alisikia biashara hiyo akataka kuingia. Yake ilikuwa ya njiani: "Mola, mbele sipajui, na nyuma sirudi. Nipo."

"Lakini wewe ni Mwislamu," nikamwambia.

"Kwani wewe husafiri?"

Niliitumia Ijumaa, na sikusema ni ya nani. Hapo ndipo mkanganyiko wangu ulipokomaa. Nilikuwa nimetumwa kuwafundisha watu hawa kuomba, na sasa nilikuwa naishi kwa akiba yao, wengine waliobatizwa, wengine bado, na mmoja wa dini nyingine kabisa. Je, Mungu alikuwa anasikia sala ya Ndahani ikitoka kinywani mwangu, au alimsikia Ndahani? Mchana, peke yangu chumbani, nilijaribu kumweleza habari zangu mwenyewe. Nikajikuta naanza kwa kumtajia nilikosoma. Nikaacha, nikaanza upya, na mara ya pili nikamtajia alama nilizopata. Kwa ajili ya wengine nilikuwa na maneno ya kuazima. Kwa ajili yangu nilikuwa na hati tu, nayo sikuweza hata kuiona.

Bwana Mchungaji alifika amepanda nyumbu, siku ya vumbi jingi. Mpango wangu ulikuwa nisimame na kitabu wazi na kusema sala za kukopeshwa, lakini yeye alikijua kitabu kile kuliko nilivyokijua mimi. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Soma ya leo." Nikafungua. Ukurasa ulikuwa mweupe mtupu, kama uji mwepesi. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuunda neno la kwanza la mabaharia. Kisha ukafumba. Ningependa kuandika kwamba kilichonizuia ni imani. Huenda nilikuwa nimechoka tu na mabaharia.

"Bwana, sioni," nikasema. "Tangu upepo ulipoanza sijasoma hata mstari."

"Kwa nini hukuandika barua?"

"Angeiandika kwa macho ya nani?" Ndahani akauliza kutoka nyuma.

Bwana Mchungaji hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na tarehe. Shule itafungwa, alisema, nami niende Mpwapwa, bomani, kwa daktari wa jeshi. Mvua za kwanza zikinikuta sijarudi na macho, atamleta mwalimu mwingine. Akachukua kitabu cha sala na daftari la majina, akaviweka kwenye mfuko wa tandiko. Watu walimsindikiza. Mimi nilibaki mlangoni, sijui kama nimesema kweli au nimejifukuza kazi, na kwa siku kadhaa mambo hayo mawili yalionekana kwangu kuwa jambo moja.

Salimu ndiye aliyenipeleka. Alikuwa anashusha tumbaku upande huo, akanifunga kamba ya punda mkononi, tukaenda. Mchana wa siku ya tatu, katikati ya miiba, alinikalisha chini ya kivuli kidogo akaenda kutafuta maji. "Usiache kamba," alisema. Nyayo zake zikaisha. Nilijaribu sala ya kope, ya kisima, hata ya Salimu mwenyewe. Zote zilikwisha upesi, fupi kama zilivyo, na Salimu hakurudi. Jua lilihama, kivuli kikaniacha, punda akavuta, nikavuta. Nikawa sina neno langu wala la mtu. Sikusikia sauti yoyote, wala moyo haukujaa amani kama nilivyowasikia wengine wakishuhudia. Niliogopa mwanzo mpaka mwisho. Ila niligundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimemtajia Mungu nilikosoma. Nilikuwa nimekaa tu mbele yake nikiwa yule niliyekuwa, kipofu na kamba mkononi, nikingoja. Kama huko ni kumtumaini, basi nilimtumaini. Kama ni kukosa pa kwenda, sikuweza kutofautisha, na bado siwezi. Salimu alirudi na kibuyu nusu, akaniomba radhi kwa kuchelewa.

Daktari wa Kidachi aligeuza kope zangu akazisugua kwa jiwe la buluu la mrututu, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki nyingi. Sitaueleza uchungu ule. Jicho la kushoto lilifunguka, la kulia lilibaki na ukungu ambao ninao mpaka leo. Mvua ya kwanza ilinikuta nimefika Msalato, nikiwa nahesabu majani ya kila mti njiani kama mwehu. Bwana Mchungaji alinisikiliza nikisoma, akanirudishia kitabu na daftari. Nani aliniponya? Daktari alisema mrututu. Mama Matika alisema kama asingeng'oa kope mapema, mrututu ungekuta mboni zimekwisha. Ndahani alisema mvua imeosha vumbi, kila mtu ameona nafuu. Mimi nilimshukuru Mungu mbele ya wote watatu, na kila mmoja akaitikia amina kwa sababu yake.

Nilikaa na madeni yangu mpaka mavuno yalipokwisha, mavuno ya pili. Kisha nikatenga siku moja. Salimu alikuwa amelala pale, nikaanza naye kabla hajapakia: nikamrudishia sala yake na ndama niliyemtungia, "na niliyemwacha nyuma, uwepo naye pia." Alinitazama, akasema ana watu wawili wa namna hiyo, akaondoka. Nikawamaliza wa moto na wa mguu. Kwa Mzee Ndahani nilijiandaa sana. Nilimletea ndama mrefu mwenye jangwa na mwamba na fimbo. Akasikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwalimu, huyu si ndama, ni ng'ombe mzee na amechoka. Punguza."

Nikapunguza mara tatu, nikiwa na hasira, mpaka kikabaki hiki: "Na aliye juu anayevuta kamba, mtie nguvu." Alishuka kisimani, na nikasikia sauti yake kutoka chini, sala nzima, ya zamani na mpya. Kisha akasema, "Inatosha."

Mama Matika alikuwa wa mwisho. Nilimkuta amekaa uani, uso ameuinua, macho mekundu. Upepo ulikuwa umeanza tena. Nilikuwa nimemwandalia ndama nyumbani, mzuri, nimemwandika kwenye daftari, lakini kabla sijalifungua alinyoosha mkono, kibano ndani yake.

"Umekuja wakati mzuri. Hizi zangu zimegeuka, na mimi siwezi kujiona."

"Mama, jicho langu moja ndilo zima. Nitakuumiza."

"Nami nilikuumiza. Kaa."

Nikakaa. Akaweka kichwa mapajani pangu, mama mtu mzima, mwenye ng'ombe kumi, nami nikageuza ukope wake kwa kidole gumba. Mkono ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kibano kilikuwa kinajigonga chenyewe. Daftari lilikuwa limefungwa chini. Nikaisema sala yake kama nilivyokopeshwa: mkono wangu unatetemeka, wako hautetemeki, shika huu. Alikuwa anangojea ndama, na yale niliyoyaandika hayakunijia hata neno moja.

"Na hapa sioni vizuri," nikasema. "Ona wewe."

Mama Matika alifumba jicho la pili, akatulia. "Huyo anasimama," alisema, kama wanavyosema wafugaji ndama anapoinuka mara ya kwanza. "Haya, ng'oa."

Nikang'oa. Unywele ulikatika katikati. Nikarudia, nikaendelea kurudia, na jua lilipogusa ukingo wa paa nilikuwa nimemaliza jicho moja, na hakuna mtu pale Makutupora aliyekuwa akinidai.